Sukuma ya Mbao

Mashine yetu ilikuwa na uzito wa kilo 14, ilitugharimu shilingi 6,400, na kwa sasa kazi yake ni kubeba nyanya. Ukipita nyuma ya steji jioni, upande ule wa pili wa Thika Road, utaiona. Mama Kona amelaza ubao juu yake na kupanga nyanya mafungu mafungu. Wala haitikisiki. Kwa mambo ya kubeba nyanya, tulifanya kazi safi sana.

Ilikusudiwa kukata sukuma.

Tulikuwa watu watano na tulitumia karibu nusu ya muhula kumtengenezea mama mboga kitu ambacho hakukiomba. Na kati ya wote watano, mimi ndiye singefaa kukosea. Mamangu ni mama mboga.

Hiyo sentensi sikuwa nimewahi kuitamka kampasi. Miaka mitatu, mtu akiniuliza mathe anafanya kazi gani, nilikuwa najibu "biashara", halafu nabadilisha stori. Si uongo. Kibanda chake kiko Kaptembwa, Nakuru, na ni biashara: kimenilisha, kimenivisha, kimenilipia karo. Lakini unajua vile watu huuliza, "biashara gani?" Nilikuwa nahakikisha hawafiki hapo.

Somo lenyewe lilikuwa la mwaka wa tatu na halikuwa na mtihani. Waliunganisha wanafunzi wa idara tofauti: sisi wawili wa uhandisi, mmoja wa usanifu, mmoja wa biashara na mmoja wa uuguzi. Muhula mmoja, mradi mmoja, na mwishoni kitu cha kushikika. Ukiondoa maneno makubwa, somo lilisema hivi: kabla hujaunda kitu, mjue mtu atakayekitumia. Ukishakiunda, mpelekee akijaribu. Akikikataa usimlaumu, rudi ukarekebishe. Kuna hata kiwango cha kimataifa cha kazi hii, ISO 9241-210, kilichotolewa mwaka 2010 na kurekebishwa 2019, ingawa hicho kiliandikwa kwa ajili ya mifumo ya kompyuta. Tulikikariri. Kukariri hatujawahi kushindwa.

Mwalimu wetu alipenda mifano tunayoishi nayo. Alituambia M-Pesa ilianza kujaribiwa ikiwa njia ya kulipa mikopo midogo, lakini wale waliopewa kuijaribu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na waliokuwa wakiiunda wakawa na akili ya kuwafuata. Ilipozinduliwa mwaka 2007 ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani. Alileta jiko la makaa darasani, lile la udongo ndani na bati nje, akatueleza kwamba wazo lilitoka Thailand, likabadilishwa hapa miaka ya themanini mwanzoni hadi likawaingia mafundi wa jua kali na wapishi wote wawili. Akatuuliza kwa nini kitako chake ni kipana. Hakuna aliyejibu. "Kwani nyinyi hamjawahi kusonga ugali?" akauliza.

Halafu alituonyesha picha ya bembea. Ni ile ya kuzunguka, imeunganishwa na pampu ya maji: watoto wakicheza, maji yanapanda kwenye tangi. Ilianzia Afrika Kusini, ikachangiwa mamilioni ya dola, watu wakaipigia makofi. Kumbe watoto hawachezi saa zote ambazo watu wanataka maji. Katika vijiji vingine wanawake watu wazima ndio waliobaki wakiisukuma ile bembea, na pampu yao ya zamani ya mkono ilikuwa imeng'olewa. Tulicheka sana. Nakumbuka tulicheka.

Timu yetu ilimchagua Mama Kona kwa sababu alikuwa karibu. Nusu ya hosteli hula kwake. Siku ya kwanza tulienda na karatasi ya maswali kumi na nne, saa nane mchana, wakati hakuna wateja, kwa sababu hatukutaka kumsumbua. Mwenzetu wa biashara, ambaye sote tulimwita Prezo kwa vile anavyoongea kama anahutubia taifa, ndiye aliyeuliza.

"Mama, kukata sukuma huwa kunakuchosha?"

"Ee, kunachosha, mwanangu. Kazi yote inachosha."

"Kama kungekuwa na mashine ya kukukatia haraka, ungeitumia?"

"Ningetumia. Mungu awabariki."

Prezo akaandika "ndiyo", akaipigia mstari mara mbili. Mimi nilikuwa nimesimama kando nikiwa na uhakika wa mtu aliyekulia nyuma ya kibanda. Si nilikuwa nimemwona mamangu akikata sukuma kila jioni tangu nikiwa mdogo? Si nilijua foleni ya saa moja ilivyo, watu wametoka kazini, kila mtu ana haraka? Tuliporudi hosteli nikawaambia, "Niaminini, shida ni kasi." Hawakuniuliza nimejuaje. Nami sikusema.

Basi tukaunda. Tulipata fundi kule Kamukunji, mzee mmoja mpole, akatukatia bati na kutuchomea fremu. Visu vinane sambamba, mkono wa kuzungusha, mdomo wa kuingizia majani, trei ya kupokelea. Yule fundi aliizungusha mara mbili akasikiliza mlio wake. "Iko sawa," akasema. "Lakini huyo mama ataiweka wapi usiku?" Tukamwambia hilo tutalifikiria baadaye.

Tulimpelekea Jumatatu. Prezo alitoa hotuba fupi. Mama Kona alitushukuru, akatupa ndizi, na jioni hiyo akaitumia tukiwa hapo tukipiga picha. Sukuma ilitoka sekunde tisa tu! Tulipigana tano.

Jumanne akaitumia kidogo. Jumatano tukampata anakata kwa kisu. "Inahitaji kuoshwa," akasema, kama anayeomba msamaha, na mtungi wa maji ananunua. Alhamisi akasema wateja wengine wanataka nyembamba na wengine nene, na mashine inajua moja tu. Ijumaa hakusema kitu. Tuliona nyanya.

Prezo alikasirika. Alisema huyu mama hataki kusaidika, ati tutafute mwingine. Na mimi, mtoto wa mama mboga, nilitikisa kichwa nikikubaliana naye. Hilo ndilo jambo ninaloona haya nalo mpaka leo, kuliko hata ile mashine.

Mwalimu alituangalia tukieleza kwa slaidi zetu. Alipofika kwenye lile jibu la "ningetumia" akasimama hapo.

"Watoto watano wa chuo kikuu wamekuja kwa kibanda chako na kalamu," akasema. "Wanakuuliza kama wakikuletea zawadi utaikubali. Wewe ungejibu nini?"

Kisha akatupa kazi. Jioni mbili, saa kumi na mbili hadi saa mbili, bila karatasi na bila maswali. Tukae tu. Tuangalie mikono.

Ndivyo tulivyojikuta juu ya makreti ya soda, pembeni ya kibanda, tukiwa tumenyamaza. Mama Kona alituuliza kama tumefukuzwa shule.

Kama hujawahi kuangalia mama mboga akikata sukuma, basi umeona tu, kama mimi. Hatumii ubao. Anachukua majani, anayapanga moja juu ya jingine, anayaviringisha hadi yawe kama sigara kubwa, anayabana kwa mkono wa kushoto, halafu kisu kinakata hapo hewani, karibu na kidole gumba, sukuma inaangukia moja kwa moja kwenye mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, watu huja na mifuko yao. Macho yake yako kwenye kisu muda wote. Ni lazima, kidole kiko hapo hapo.

"Nikatie ya mbao, nyembamba."

"Ya mbao, usitoe vikonyo."

"Mathe, ya finje, tuna wageni."

Sukuma ya mbao haikuwa na kipimo. Hilo liliniuma kama mhandisi. Trei yetu ilikuwa imepimwa vizuri, majani manane kwa shilingi ishirini. Mama Kona alikuwa akimpa kijana wa bodaboda majani saba na bibi mmoja mzee kumi na mawili, kwa ishirini ile ile, na hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyehesabu. Alikuwa akipima kwa macho, na hakuwa akipima sukuma peke yake.

Saa moja na dakika kumi hivi akaja mama mmoja, mtoto mgongoni. Akaomba ya mbao. Mama Kona akaviringisha majani, akainamisha kichwa, akaanza kukata. Yule mama akangoja. Kisu kikapita labda mara ishirini. Ndipo akasema, polepole, akitazama vitunguu:

"Na hii utaniandikia hadi Jumamosi."

"Sawa," Mama Kona akasema. Hakuinua macho, na kisu hakikusimama. Alipomaliza akachukua majani mengine matatu, akayakata pia, akayatia mfukoni. Yule mama alipogeuka kuondoka ndipo kikatoka kile kitabu cha deni.

Jioni hiyo watu wanne waliomba kuandikiwa, na wote waliomba kisu kikiwa kinakata. Hakuna aliyeomba kabla wala baada. Mwenzetu wa usanifu ndiye aliyeliona. Alinikanyaga mguu kidogo, akaninong'oneza, "Umeona? Wanangoja ainamishe kichwa."

Sukuma ya mbao kwa kisu ilikuwa ikichukua karibu sekunde hamsini. Yetu ilichukua tisa. Zile sekunde arobaini na moja, ambazo tulikuwa tumeziandika kwenye slaidi kwa herufi nzito, ndizo yule mama alizihitaji ili aseme alichokuja kusema. Ukiwa umezungusha mkono wa chuma mara tatu na sukuma imetoka, unabaki unamwangalia mtu usoni ukiwa umenyoosha mkono wa pesa. Nani ataomba deni hapo?

Nilikaa kwenye kile kreti nikijaribu kukumbuka jioni za Kaptembwa. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mgongo wa mamangu miaka kumi na kitu, nikifanya homuweki kwa taa ya koroboi. Nilijua bei ya kila kitu. Lile la deni sikuwahi kuliona.

Jioni ya pili niliona kidole.

Mama Kona alikuwa amejivisha kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto, kama pete pana nyeusi. Kilikuwa na mikato mingi, myembamba, kama mistari ya daftari. Kilikuwepo hata siku ile ya maswali kumi na manne, kwa sababu kinaonekana kwenye picha zetu. Hakuna aliyekiuliza. Wateja walipopungua, mwenzetu wa uuguzi akamwomba amwonyeshe mikono. Kidole kilikuwa na makovu yasiyohesabika chini ya ile tyubu. Lakini Mama Kona akasema si hicho kinachomsumbua. Ni mkono wa kulia, ule wa kisu. "Usiku unakufa ganzi. Naamka nautikisa kama kipima joto."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na damu yote imenishuka miguuni, kwa sababu ile pete nyeusi nilikuwa naijua.

Nilipokuwa na miaka tisa niliipata juu ya meza, nyumbani, nikaikata katikati nikatengeneza mpira wa manati. Mamangu alinichapa. Nilishangaa, kwa sababu hakuwa mtu wa kuchapa, na kwa kipande cha tyubu? Kesho yake alikuwa na kingine. Sikuwahi kuuliza ni cha nini.

Usiku huo nilimpigia simu.

"Mathe, kidole chako kiko aje?"

Akanyamaza. Halafu akauliza, "Nani amekwambia?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Niliuliza tu, na nikajibiwa kwa mara ya kwanza. Mkono ulikuwa umeanza kumsumbua mwaka uliotangulia. Jioni alikuwa akimlipa msichana wa jirani shilingi mia moja amkatie sukuma. Mia moja kila siku, akiniambia kwenye simu kwamba biashara iko poa, na mwisho wa mwezi akinitumia pesa ileile. Nikamuuliza mbona hukusema. "Ungefanya nini?" akasema, bila ubaya, kama mtu anayeuliza bei.

Asubuhi niliwaambia wenzangu. Nilisema mamangu ni mama mboga, Nakuru, na mimi ndiye niliyesema shida ni kasi nikijifanya najua. Nilitarajia Prezo atoe kicheko. Alikaa kimya kidogo akasema, "Buda, wangu anauza mitumba Kisumu. Mimi husema ni maswala ya nguo." Tulicheka, lakini si kama tulivyoicheka ile bembea.

Tulikuwa na wiki nne. Hatukutengeneza mashine nyingine. Tulienda kwa fundi wa viatu pale pale steji na kumwomba ashone kifuko cha kidole, cha ngozi. Cha kwanza kilikuwa kinene. Mama Kona alikivaa, akakata mara mbili, akakivua. "Kidole lazima kisikie jani," akasema. Cha pili kilikuwa chembamba lakini kikawa kinateleza kikilowa. Cha tatu tuliacha ncha ya kidole wazi na kutia ndani kipande cha tyubu, ile ile yake, ili kishike. Hicho alikaa nacho jioni nzima, na alipofunga kibanda akasahau kukivua, akaenda nacho nyumbani. Kilitugharimu shilingi 80. Mpini wa kisu tuliuzungushia tyubu hadi ukanenepa, asihitaji kuubana kwa nguvu. Mwenzetu wa uuguzi alisisitiza kwamba hiyo si dawa, ganzi ya kila usiku inahitaji daktari, na akaenda naye kliniki siku ya Jumanne, wakati biashara ni ndogo.

Siku ya kuonyesha miradi tulisimama mbele ya majaji watatu na kifuko cha ngozi, kisu kimoja, na picha ya nyanya zikiwa juu ya mashine. Jaji mmoja akakigeuzageuza kile kifuko mkononi.

"Ni hii tu?"

Prezo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alijibu kwa neno moja. "Ndiyo."

Tulipata B. Waliopata A walikuwa na programu ya simu na taa inayowaka. Nakiri niliwaonea wivu.

Desemba nilienda nyumbani na vifuko viwili mfukoni. Nilifika jioni, nikampata mamangu kibandani, yule msichana wa jirani hakuwa amekuja. Nilimvisha kimoja. Alikunja kidole, akakikunjua, akachukua jani moja, akalikata, akanirudishia kifuko.

"Hiki ni cha mtu mwenye mkono mkubwa."

Ni kweli. Tulikuwa tumepima kidole kimoja tu duniani. Nikakata uzi kwenye gunia, nikaushika mkono wake, nikauzungusha kwenye kidole gumba, chini kisha katikati, nikitia fundo kila mahali. Makovu yalikuwa mengi kuliko ya Mama Kona. Yeye alikuwa akiangalia barabarani, kama mtu anayesubiri sindano iishe.

"Sasa kama umemaliza," akasema, "nikatie hiyo sukuma, watu wamejaa."

Nikavaa kile kifuko kikubwa, kilichonitosha mimi vizuri, nikaviringisha majani. Nilikuwa napiga vipande vinene kama vidole. Mteja wa kwanza alisema hiyo si sukuma, hiyo ni kuni, na mamangu akacheka hadi akashika mbavu. Wa pili alikuwa mzee ninayemjua, baba ya mtu niliyesoma naye. Akaomba ya mbao. Nikainamisha kichwa nikaanza kukata, polepole, kwa sababu sijui kukata haraka.

Nilimsikia akikohoa kidogo.

"Kijana," akasema, "mwambie mama aniandikie."

"Sawa, mzee," nikasema, macho yakiwa kwenye kisu. Nikaongeza majani matatu.